USIITE UHUNI USICHOKIELEWA: REGETONI KWA MAMA ANAYEANZA KUSIKILIZA

SEHEMU YA 1

Mama zangu, wadada zangu, na akina baba wachache mnaosoma humu kimya kimya. Nawaona.

Juzi niliweka video nakunja nguo za mwanangu huku nacheza wimbo wa Kihispania. Sekunde 30 tu. Kufika asubuhi, inbox imejaa. "Nesi na wewe?" "Muziki wa kihuni mbele ya mtoto?" Mmoja akaniandikia kwamba mtu wa afya anatakiwa kuwa mfano kwa jamii.

Haya, ngoja niwe mfano. Leo siandiki kuhusu chanjo wala uji wa lishe. Naandika kuhusu regetoni, ule muziki ambao YouTube utauona umeandikwa reggaeton. Sehemu ziko sita, soma huku unanyonyesha.

Kwanza niwaambie kwa nini jambo hili linaniuma.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa zamu ya usiku, wodi ya wazazi. Hospitali siitaji, na mambo mengine nimeyabadilisha ili mhusika asijulikane. Kulikuwa na binti mdogo, uzazi wa kwanza, kitanda cha pembeni, hakuna ndugu aliyekuja kumwona. Saa tisa usiku ananyonyesha, simu yake inapiga wimbo kwa sauti ya chini. Nikausikia ule mdundo, nikamfuata. Nikamwambia mbele ya wenzake, "Umekuja kuzaa au umekuja disko? Mambo haya haya ndiyo yaliyokuleta hapa."

Akanijibu taratibu, "Nesi, huyu dada anasema akicheza siyo kwamba amekubali kwenda na mtu." Nikamwambia zima. Akazima. Hakuniuliza kitu tena mpaka anaruhusiwa.

Siku ya sita akarudi. Matiti yamejaa, magumu kama jiwe, chuchu zimechanika, ana homa, na mtoto uzito umeshuka. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema kwamba mtoto hashiki titi vizuri. Akaniambia, "Niliogopa, Nesi. Nilijua utanigombeza."

Jamani. Ule wimbo haukumdhuru yule binti. Mimi ndiye niliyemdhuru, kwa kuita uhuni kitu ambacho sikukielewa hata neno moja. Walipona wote wawili, namshukuru Mungu. Ila tangu siku ile nilijiapiza kwamba nitaujua huo muziki. Nimeujua. Na ninachotaka kuwaambia ni hiki: anayetukana muziki asiouelewa anakosea, na anayemwekea mtoto muziki asiouelewa naye anakosea. Dawa yao ni moja. Sikiliza, elewa, ndipo uamue.

SEHEMU YA 2

Tuendelee. Regetoni imetoka wapi?

Watu wengi weusi kutoka Jamaika, Barbados na visiwa vya jirani walikwenda Panama kuchimba ule mfereji wa meli uliofunguliwa mwaka 1914. Wengi wakabaki huko. Wajukuu wao wakakua na rege na dansihol za Jamaika, lakini wakaziimba kwa Kihispania, lugha ya pale walipozaliwa. Aliyevuma zaidi ni Edgardo Franco, jina la kazi El General. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyimbo zake "Tu Pum Pum" na "Muévelo" zilipigwa nchi nyingi. Hizo ndizo mizizi. Ukitaka kujua bibi wa regetoni anafananaje, anza na huyo babu.

Wakati huo huo, mwaka 1990, Mjamaika Shabba Ranks alitoa wimbo unaoitwa "Dem Bow". Maneno ya wimbo wenyewe siyasifii, yana chuki ndani yake. Lakini mdundo wake ulisafiri, ukafika New York, ukafika Puerto Rico, na mpaka leo mdundo wa regetoni unaitwa dembow. Upige kwenye mapaja yako sasa hivi: bum, cha, bum-cha. Bum, cha, bum-cha. Umeupata? Basi hapo umeshajua nusu ya regetoni.

Puerto Rico ni kisiwa cha watu wanaosema Kihispania kilicho chini ya Marekani. Vijana wa mitaa ya nyumba za serikali, za watu wa kipato cha chini, wakachanganya mdundo ule na kufokafoka. Redio haikuwataka. Wakarekodi kwenye kanda za kaseti, zikauzwa na kunakiliwa mkono kwa mkono. Ukitaka kuonja enzi hizo tafuta kanda za DJ Playero, au zile za kundi la The Noise la DJ Negro, jijini San Juan.

Sasa sikia. Mwaka 1995 polisi walivamia maduka ya muziki na kukamata kanda hizo, wakisema ni uchafu. Mwaka 2002 seneta Velda González akaongoza kampeni dhidi ya video za muziki huo na ule uchezaji wake unaoitwa perreo, wa kukata kiuno msichana akiwa amempa mvulana mgongo.

Je, nyimbo zile zilikuwa safi? Nyingi hazikuwa. Zilikuwa na matusi, bangi na bunduki. Lakini mimi najiuliza swali la kinesi: mgonjwa akikuonyesha kidonda, unamkamata kidonda? Vijana waliimba mtaa waliokuwa wanaishi. Ukikamata kanda, bunduki inabaki mtaani.

Na sisi tusijifanye hatuna kumbukumbu. Bongo fleva ilipoanza, wazazi wetu si ndio walioiita muziki wa wahuni? Leo bibi harusi anaingilia ukumbini nayo, na baba mkwe anapiga makofi.

SEHEMU YA 3

Wengi mmeniuliza, "Nesi, nianzie wapi?" Nawapa wanne. Hawa ni kama chanjo za mwanzo, usiruke.

Wa kwanza, Tego Calderón. Albamu yake "El Abayarde" ilitoka mwaka 2002. Tego ni mweusi, nywele zake kubwa hakuzificha, na alichanganya regetoni na bomba, ngoma iliyoanzishwa na kutunzwa na Waafrika waliofanywa watumwa kisiwani. Sikiliza wimbo wake "Loíza". Loíza ni mji unaojulikana kwa watu wake weusi na utamaduni wao. Tego anasema wazi kwamba ubaguzi upo, hata kwenye nchi inayojisifu kwamba wote ni mchanganyiko. Mwenye kudhani regetoni ni kiuno tu, aanze hapa.

Wa pili, Ivy Queen, malkia mwenyewe. Alianza miaka ya 1990 na lile kundi la The Noise, mwanamke katikati ya wanaume. Mwaka 2003 akatoa "Yo Quiero Bailar", maana yake "Nataka Kucheza". Ujumbe wake ni mmoja: nikicheza na wewe, hata nikitoka jasho na wewe, hiyo siyo ruhusa ya kunipeleka kitandani.

Ndiyo. Ndiyo ule wimbo wa yule binti wa wodini. Usiku ule niliomzimia simu, alikuwa anasikiliza mwanamke akisema mwili wangu ni wangu. Nimefanya kazi wodi ya wazazi muda wa kutosha kujua kuna mabinti wangapi walihitaji kuyasikia maneno hayo mapema, kutoka kwa mama, shangazi, mwalimu, yeyote. Hakuna aliyewaambia. Sisi wakubwa tukiona aibu kusema, usishangae akiyasikia kutoka Puerto Rico.

Wa tatu, Daddy Yankee. Kijana alitaka kuwa mchezaji wa besiboli, akapigwa risasi mguuni, ndoto ikaishia hapo. Mwaka 2004 akatoa albamu "Barrio Fino", ndani yake wimbo "Gasolina", na dunia nzima ikasikia regetoni. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza wimbo huo kwenye hazina yake ya sauti za kuhifadhiwa, wa kwanza wa regetoni kupata heshima hiyo. Muziki uliokamatwa na polisi sasa unatunzwa na serikali. Mwisho wa mwaka 2023 Yankee alifunga ukurasa wa matamasha akasema maisha yake anampa Kristo. Wale mlioniandikia kwamba muziki huu ni wa shetani, hiyo mnaisemaje?

Lakini ndani ya "Gasolina" kuna jambo moja. Ile sauti ya kike inayoitikia, ambayo kila mtu anaijua, ni ya dada anayeitwa Glory. Jina lake halikuwekwa kwenye wimbo pamoja na la Yankee. Sauti ya mwanamke imebeba wimbo, jina halipo. Akina mama, hilo tunalijua sana.

Wa nne, Don Omar. Aliwahi kuhubiri kanisani akiwa kijana, na kwenye "Dile" ya mwaka 2003 utasikia anajua kusimulia kisa. Wengi mnamjua kwa "Danza Kuduro" ya mwaka 2010, aliyoimba na Lucenzo kwa Kihispania na Kireno. Ule siyo regetoni kamili, jina lake limetoka kwenye kuduro, muziki wa Angola, Afrika yetu hii hii. Umeshaucheza harusini bila kujua.

SEHEMU YA 4

Leo najibu hoja nzito. Mama mmoja ameniandikia kwa heshima kabisa: "Nesi, hata kama una historia nzuri, nyimbo nyingi zina matusi. Mimi nina watoto. Nifanye nini?"

Mama, una haki. Sitakudanganya. Nyimbo nyingi za regetoni ni za kitandani, na nyingine zinamwongelea mwanamke kama sahani ya ubwabwa. Hizo sizitetei.

Chukua "Despacito" ya Luis Fonsi na Daddy Yankee, ya Januari 2017. Neno hilo maana yake "polepole". Ule wimbo ulikaa wiki 16 namba moja kwenye chati kuu ya Billboard ya Marekani. Mmoja wa waliouandika ni mwanamke, Erika Ender wa Panama, tena maneno yameandikwa kwa ufundi. Lakini ni wimbo wa mwanamume anayemtongoza mwanamke kwa lengo la kulala naye, polepole, hatua kwa hatua. Julai 2017 Malaysia waliuondoa kwenye redio na televisheni za serikali. Na sisi je? Tuliupiga kwenye birthday za watoto wa miaka minne, tukawarekodi wakiimba, tukaweka status na vikopa.

Mwacheni niwaulize. Nani amekosea hapo, Fonsi? Fonsi aliwaimbia watu wazima. Aliyeuweka kwenye birthday ni wewe. Na kosa siyo kwamba ni wa Kihispania, kosa ni kwamba hukuuliza unasema nini.

Kitu cha kuchekesha: video ya "Despacito" iliongoza kwa kutazamwa YouTube kuanzia mwaka 2017, mpaka Novemba 2020 ilipopitwa. Ilipitwa na nani? "Baby Shark". Watoto wenyewe wameshatuonyesha muziki wao uko wapi.

Hebu turudi nyumbani. Kitchen party zetu zinaimbwa nini? Unyago je? Mipasho ya taarabu, unadhani ile embe na lile tango ni matunda? Mama zetu wameimba mambo makubwa kuliko "Despacito", wamekata viuno mpaka khanga zikaomba msamaha. Lakini walikuwa na utaratibu: watoto walitolewa nje, mlango ukafungwa. Hawakusema ngoma ni uchafu, wala hawakuipiga mbele ya mtoto. Walijua hii ya nani na saa ngapi.

Huo ndio utaratibu ninaouomba. Wala haujatoka Ulaya. Ni wa bibi yako.

SEHEMU YA 5

Wasanii wa sasa. Nakupa watatu.

Karol G, dada wa Medellín, Kolombia. Mwaka 2023 albamu yake "Mañana Será Bonito", maana yake "Kesho Itakuwa Nzuri", ilikuwa ya kwanza ya mwanamke, yote kwa Kihispania, kushika namba moja kwenye chati ya albamu ya Marekani. Ni albamu ya mwanamke aliyeumizwa akaamua kunyanyuka. Siyo nyimbo zote za kusikiliza na watoto, lakini kuna siku baada ya kujifungua unahitaji mtu akwambie kesho itakuwa nzuri, hata kwa lugha usiyoijua. Kama hujawahi kumsikia, anza na "Provenza", wimbo mwepesi kama upepo wa jioni.

J Balvin, naye wa Medellín. "Mi Gente" ya mwaka 2017, aliyoimba na Willy William, utaijua ikianza tu. Ninayempendea Balvin ni kwamba amesema hadharani kuhusu wasiwasi na sonona aliyopitia. Mwanamume, staa, anasema niliugua akili nikatafuta msaada. Mama, nawe nikwambie: machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida. Yakizidi wiki mbili, au ukianza kuwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, usisubiri, njoo kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wimbo unasindikiza, hautibu.

Bad Bunny wa Puerto Rico. Jina lake Benito, aliwahi kuwa mfungasha mizigo ya wateja supamaketi. Mwaka 2020 alitoa "Yo Perreo Sola", yaani mwanamke anacheza peke yake na anataka aachwe kwa amani. Ni mjukuu wa ule wimbo wa Ivy Queen. Sauti ya kike mle ndani ni ya binti ambaye mwanzoni jina lake halikuwekwa, kama Glory wa 2004. Na jina lake la kazi ni nani? Nesi! Wallahi sitanii. Baadaye mwaka huo wakatoa marudio ya wimbo, jina la Nesi likawekwa, na Ivy Queen naye yumo. Kwa hiyo mkiniuliza tena, "Nesi na wewe?", jibu ni ndiyo, Nesi yumo.

Halafu sikiliza "El Apagón" yake ya mwaka 2022. Maana yake kukatika kwa umeme. Septemba 2017 kimbunga Maria kiliipiga Puerto Rico, na kuna sehemu zilikaa karibu mwaka bila umeme. Serikali kwanza ilisema waliokufa ni 64. Agosti 2018 ikakubali idadi ya 2,975. Nyie mnaona namba. Mimi naona wodi gizani, mashine ya oksijeni imezimika, insulini imeharibika kwenye friji, mjamzito anatembea na uchungu kwa sababu barabara imekatika. Video ya wimbo ule inageuka kuwa taarifa ya mwandishi wa habari kuhusu umeme mbovu na wenyeji wanaosukumwa watoke kwenye makazi yao.

Na mwaka 2019 watu wa kisiwa hicho walipoingia mtaani kumtaka gavana Ricardo Rosselló aondoke, vijana walicheza perreo mbele ya kanisa kuu la San Juan kama sehemu ya maandamano. Gavana akajiuzulu. Ule uchezaji uliopigwa vita na seneta ukawa sauti ya wananchi. Bado ni kelele za wahuni?

SEHEMU YA 6, YA MWISHO

Tufunge. Nawaachia utaratibu wa nyumbani, ule ninaoutumia mimi.

Tafuta maana kabla ya kupiga. Andika jina la wimbo YouTube, weka neno "tafsiri" au "lyrics", dakika tatu zinatosha. Kama maneno yasingekupendeza kwa Kiswahili mbele ya mtoto wako, basi hata kwa Kihispania usimpigie. Mtoto anakua, atayaelewa, na atakuuliza.

Usiiachie simu ichague yenyewe wimbo unaofuata. Simu haijui kwamba chumbani kuna mtoto.

Sauti iwe chini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidi desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, mtu mzima 80. Huna kipimo? Kama lazima mpaze sauti ili msikilizane mkiwa mmekaa karibu, imezidi. Mtoto mchanga usimvishe hedifoni, na usimlaze jirani na spika. Sikio likiharibika kwa kelele halioti upya.

Na muziki wako mama ni wako. Mtoto akilala, vaa khanga yako, piga Ivy Queen, cheza. Kama ulifanyiwa upasuaji, subiri daktari akuruhusu ndipo uanze kuruka. Kuwa mama hakujafuta kiuno chako.

Kwa anayeanza, fuata mpangilio huu: "Muévelo", "Loíza", "Yo Quiero Bailar", "Gasolina", "Mi Gente", "Provenza", "El Apagón". Saba tu. Ukimaliza, una haki ya kusema regetoni huipendi. Kutopenda ruhusa. Ila hapo utakuwa unasema kwa kujua, siyo kwa kusikia kwa jirani.

Wauguzi wenzangu mnaosoma, hili ni letu. Mama kijana akiingia wodini na nywele za rangi, na simu inapiga usichokijua, usianze na mdomo. Mwombe apunguze sauti kama inasumbua wengine, halafu kaa naye, mwangalie mtoto anavyonyonya. Ukimvunja moyo kwa wimbo, hatakuuliza kuhusu titi, hatakuuliza kuhusu damu, hatakuuliza kuhusu uzazi wa mpango. Atarudi siku ya sita na homa. Au hatarudi.

Na wewe binti, kama upo humu na umejitambua, sijui kama unanikumbuka. Mimi nakukumbuka. Ulikuwa sahihi kuhusu ule wimbo. Naomba unisamehe.

Haya mama zangu, nawahi zamu. Mpelekee post hii yule shoga yako anayegombeza watoto wa watu kwa muziki, na yule mwingine anayempa mtoto simu bila kuuliza inaimba nini. Maswali acheni hapa chini, nitajibu nikitoka asubuhi.